Nyuzi Tisini na Tatu

Mabela, mwezi wa saba, saa sita za usiku,
na nje bado ni nyuzi thelathini na nane.
Ukuta, ukiuegemea, unakurudishia mchana.
Nimefunga mlango kwa ufunguo
kwa sababu kwenye skrini bibi harusi kavua mtandio,
shangazi zake wanacheza nywele wazi,
na kaka zangu wanapita ukumbini kwenda kunywa maji.

Ndiyo kazi yangu, harusi za wanawake.
Haziendi studio, hazimfikii fundi wa Ruwi.
Huletwa kwangu mkononi, kadi tatu zimefungwa kwenye pindo la kanga,
na Bi Shinuna wa Ibra keshasema:
Alhamisi, mwanangu. Ijumaa usinipigie.
Lakini mashine yangu ina miaka sita;
dakika moja ya ngoma inakula dakika kumi na moja zangu.

Basi nikashuka kule chini, kwenye menyu nyeusi
isiyojua Kiarabu wala Kiswahili,
nikamwambia prosesa: kaza mwendo.
Nne nukta tatu. Akaitika.
Nne nukta tano. Akaitika, feni zikapandisha sauti.
Nne nukta saba: kimya,
kisha skrini ya buluu,
buluu ile isiyo na bahari ndani yake.

Nikamtilia umeme kidogo, kama chumvi,
kwa ncha ya kidole, huku naonja.
Akasimama. Akakimbia!
Nyuzi zake kumi na sita zote zikafanya kazi pamoja,
na nyuzi nyingine, zile za joto, zikaanza kupanda
(lugha yetu haikuona haja ya kuzitenganisha,
wala na uzi wa cherehani):
themanini na moja, themanini na saba,
tisini na tatu.

Mama akagonga. Nikaificha harusi, nikafungua.
Akaweka mgongo wa mkono juu ya kasha
kama alivyotupima sote saba.
"Huyu ana homa."
"Ana kazi, Mama."
"Mvue nguo tumtazame."

Tukafungua ubavu. Ndani, vumbi la gharbi,
laini kama unga uliochekechwa mara mbili,
manyoya ya paka tuliyemzika mwaka juzi,
na ushanga mmoja wa gauni, sijui la nani.
Mama akanishikia tochi ya simu.
Nikalegeza skrubu nne, nikang'oa kipozeo:
ile krimu ya kijivu imekauka, imepasuka
kama tope la wadi wiki tatu baada ya mvua.
Nikaifuta kwa pamba na spiriti,
nikatia mpya, kiasi cha punje ya mbaazi.
"Hiyo tu?" Mama aliyezoea kupaka samli.
Hiyo tu.

Themanini na tano.
Kiyoyozi kinahema dirishani, chumba hakina pa kupumulia.
"Fungua mlango," akasema.
"Na shangazi wa watu?"
Akaitazama skrini. Akaishika kwa mikono miwili
kama sinia la biriani, akaigeuzia ukutani.
Nami nikajibana pale, kati ya ukuta na nuru,
magoti kidevuni.

Sabini na tisa. Nikarudi kwenye ile menyu,
nikampunguzia umeme nukta chache; hata hakugutuka.
Kumbe nilikuwa namlisha aliyeshiba.
Nne nukta sita, basi. Ile sehemu ya kumi iliyobaki
nimeiacha hukohuko, aichukue mwenye nyumba ya baridi.

Sabini na nne. Bibi harusi anacheka
sentimita thelathini kutoka puani kwangu,
na Mama, kitandani, keshasahau kulala:
"Rudisha nyuma kidogo. Yule wa kijani ni nani?"

Muhanna akapita na gilasi yake ya maji,
akaona mgongo wa skrini, miguu yangu, mlango wazi.
"Mbona ukumbini joto hivi?"
"Kuna harusi," akajibiwa. "Pita."