Kilichokataliwa

Mashine hii niliinunua Maji ya Chai
kwa mjane wa Nanyaro. Pampu inakohoa, utando mzima.
Kule ilikamata floraidi; sisi wa huko
ukicheka tu, watu wanajua ulikunywa mto gani.

Sasa imekaa jikoni Kiboriloni, juu ya kreti la soda.
Ndeshimuni huleta makapi ya miwa
kutoka kwa muuza juisi wa stendi, bure;
hata ng'ombe wa kaka yake wameyachoka.
Tunaloweka. Tunakamua. Tunachuja kwa kanga,
kwa pamba, kwa pamba tena, maana utando ukiziba
mke wangu hanisemeshi siku mbili.

Mwaka jana tulichemsha kutwa:
gunia la mkaa, chupa moja ya shira, dari nyeusi.
Leo, katika lita arobaini, thelathini zimetoka
maji matupu, kama hayajawahi kuonana na muwa.
Kesho yatalowekea makapi mengine.
Kumi zimebaki. Hizo ndizo za sufuria.

Nawaza nikikoroga:
kule, mpira huu wa pembeni
ulimwaga mferejini, wakanywa kilichopita.
Mimi nimehamisha ndoo tu.
Sumu na sukari hutokea mlango mmoja,
mlango wa waliokataliwa.

Ndeshimuni anachovya kijiko. Inavuta uzi.
"Cheka basi," anasema, "nione."
Nacheka kwa meno yangu yote ya kahawia,
rangi ileile ya chupa.