Kalvati la Barabara ya Kumi na Saba

Huku Manitoba ardhi ni tambarare kama ubao wa kukatia nyama.
Tone la maji likidondoka husimama kwanza,
liwaze liende wapi.
Mwezi wa nne, theluji inapoyeyuka,
maji hayateremki, yanajadiliana,
na mwaka ule yalijadili, yakakubaliana
kuja kulala kwangu.

Ekari kumi na nne nilizozitenga kwa kanola: ziwa.
Bata wakaja, wakaona pazuri, wakataga.

Nikampigia Orest Hnatiuk, jirani wa juu
(juu, kwa huku, ni kimo cha kiganja),
nikamwambia: umezika mabomba majani yalipokuwa yakipukutika,
trekta nimeiona, changarawe nimeiona.
Akajibu: Sigga, mabomba yangu yanamwaga mtaroni.
Mtaro ni wa halmashauri. Waulize wenyewe.

Halmashauri iko nyuma ya benki ya zamani:
dirisha moja, kengele moja, na karani,
Doreen Fehr, anayetujua sote kwa mlio wa mabuti.
Akanipa fomu. Fomu ikauliza:
Je, umezungumza na jirani yako?
Nikaandika: ndiyo.
Kwa maneno gani?
Hapo nikaacha wazi.

Diwani akasema ni mabomba. Orest akasema ni barabara.
Mwanasheria wa mjini akasema ni dola mia tatu kwa saa.
Kaka yangu akasema, rundika udongo mpakani,
maji yamrudie mwenyewe.

Usiku mmoja nikaenda, nimewasha trekta.
Taa zikamulika maji, na ng'ambo ya maji
Orest amesimama, naye ana koleo,
tukatazamana kama paka wawili waliokutana ukutani.
Hakuna aliyechimba.

Nilichofanya baadaye hakina ushujaa.
Nilinunua daftari.
Tarehe. Kina cha maji, kwa rula ya shule. Upepo.
Siku ya tisa nikamimina rangi ya bluu, nusu chupa,
kwenye mdomo wa bomba lake, kwa ruhusa yake,
mikono kaikunja kifuani, kofia imefika machoni.
Tukaifuata ile bluu kwa miguu, bila kusemezana,
nayo ikaenda mtaroni taratibu,
kama mtu aliyewahi ibada,
hadi kwenye kalvati la barabara.
Hapo ikagoma.
Ikazunguka. Ikarudi nyuma. Ikapinda kwangu.

Kalvati lilikaa juu ya sakafu ya mtaro, shibiri moja na ushee.
Walipoinua barabara, miaka miwili nyuma,
walililaza pale mikono yao ilipochokea.

Orest akavua kofia. Akasema, "Ona."
Neno moja. Lakini kati yetu, tangu Machi,
hiyo ilikuwa hotuba.

Barua moja, sahihi mbili.
Doreen aliisoma, akaisoma tena,
maana sahihi zile hazijapata kulala karatasi moja.
Mhandisi akaja na viatu vya ofisini,
akaondoka na kimoja.
Alipima, akakohoa, akasema: bajeti ya mwaka ujao.
Tukasema: haya, iandike hiyo.
Akaandika, amesimama kwa mguu mmoja.
Hasara ya kanola ile nimeila mwenyewe, 
hilo halikuwa na fomu.

Kalvati jipya lililazwa Septemba ya mwaka wa pili,
chini, panapostahili.
Theluji ilipoyeyuka nikasimama juu ya barabara
nikiyasikiliza yakinguruma chini ya nyayo zangu, yakienda zake,
nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

Kesho yake, alfajiri, mlango ukabishwa.
Kornelius Penner, jirani wa chini,
mabuti yanachuruzika, kofia mkononi,
na kwapani, daftari jipya.
"Sigga," akaanza.

Nikamvutia kiti. Nikabandika kahawa.
Kisha nikaenda stoo kuitafuta ile chupa ya rangi.
Ilikuwa imebaki nusu.