Mgeni Nyumbani kwa Sheha

Sungura huyu si yule wa hadithi.
Hajui hila, hajawahi kumzidi fisi akili.
Anajua mchicha, anajua majani ya viazi,
na kupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu!
paka akikohoa tu chumba cha pili.

Khatibu kaniachia, kaenda Unguja kusoma.
Kanipa na karatasi: ale saa ngapi, maji yakae wapi.
Chini kabisa kaandika: Bibi, na paka je?

Na paka je.
Ninao wawili hapa Limbani.
Sheha, dume la rangi ya moshi, sikio limekatika,
hukagua kila jiko la mtaa bila kupiga hodi;
na Kitumbua, mnene, mvivu, ila kucha anazo.

Siku ya kwanza niliazima dema kwa Faki,
nikamtia mgeni ndani, nikajiona mjuzi.
Nilisahau kuwa dema hunuka changu na tasi.
Walikuja wawili, kisha watano,
wangu, wa jirani, wa msikitini,
wakakaa duara kama watu wanaongoja pilau itolewe.
Mgeni kajikunja, moyo unaonekana juu ya manyoya.
Nikalirudisha dema pamoja na haya zangu.

Mgeni siku mbili, wasema, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu mimi nilimpa chumba,
kile cha uani chenye mlango wa wavu,
na boksi la tende nililolitoboa pande mbili,
ili aingiaye kwa hofu apate pa kutokea.
Kanga yangu nikaichana, jina likakatika katikati:
*Wema* akalalia yeye,
*hauozi* akalalia Sheha,
na kila asubuhi nikavibadilisha, bila neno.

Dagaa upande huu wa wavu, mchicha upande ule.
Mwanzo hatua kumi. Kisha nane.
Kisha sahani zikasogeleana
kama watu walionuniana msibani.
Sheha akinyemelea namwita, namgeuza,
simpigi: paka aliyepigwa
humwandikia deni aliyekuwa karibu.

Mwezi mzima. Shumbana angecheka.

Maana nami nililetwa nyumba hii
usiku wa mvua, mke wa pili, miaka kumi na tisa,
yeye yumo chumba cha mbele na komeo lake.
Hakuna aliyetuandikia karatasi.
Wiki tatu nilisikia bangili zake tu,
naye akanusa udi wangu.
Hata asubuhi moja, kizingitini,
mkate wa ajemi umefunikwa kawa.
Nusu. Nusu ya pili alikuwa nayo.
Hakubisha. Sikushukuru. Nilikula
nikimsikia anatafuna nyuma ya ubao.
Mume wetu alikufa akidhani
amani ile aliileta yeye.
Na Shumbana alipofariki, aliyemwosha ni mimi.

Jana alasiri nilifungua wavu.
Nikakaa katikati, taulo mkononi, kama refa.
Kitumbua akapiga miayo, akalala ubavu.
Mgeni akaja, hatua na kituo, hatua na kituo,
akanusa lile sikio lililokatika.
Sheha akainua mkono.
Nikaisikia saa ya ukutani.
Akaushusha. Akalamba bega lake mwenyewe
kana kwamba ndilo alilokusudia tangu mwanzo.

Usiku bado nafunga mlango.
Mapenzi ni mapenzi, kucha ni kucha.

Khatibu kapiga simu: Bibi, wamependana?
Bado, nikamwambia, usinitie haraka.
Sikumwambia kuwa leo asubuhi
nimemkuta Sheha juu ya *wema*
na mgeni, kajinyoosha miguu, juu ya *hauozi*,
wavu katikati yao,
na kuwa mimi sijabadilisha kitu tangu juzi.