Tazama Sharubu

Ndani ya kopo la Kimbo, uvunguni mwa kitanda,
stakabadhi za forodha mia na kumi na saba
zimegeuzwa mgongo, kila moja na neno lake
kwa wino wa buluu uliofifia,
na kila neno limeanza na sha.

Hakuna ba. Hakuna ka.
Si kamusi, ni kichochoro kimoja cha kamusi.
Baba, Lali Famau, karani miaka thelathini na mmoja,
mchana alipima mbata za watu,
usiku akapima silabi.
"Wenzako Mkomani wanapandisha ghorofa," mama alimwambia,
"wewe unapandisha sha."

Arobaini imepita. Nasoma.

Shazia: sindano nene ya kushonea magunia.
Nimeulizia Langoni, duka kwa duka.
Vijana wamecheka: hilo jina la binti wa kwenye tamthilia!
Bi Tima Mzamil hakucheka. Aliingia ndani,
akarudi na chuma chenye kutu, akanitia kiganjani.
"Ilikuchoma pajani una miaka minne.
Ulilia mpaka alasiri. Umeisahau?"

Shakwe: ndege mweupe wa pwani. Asili haijulikani.
Nimemuuliza mwenyewe. Amenipigia kelele, akaenda zake.

Shata: kinachobaki chini ya sufuria
mafuta ya nazi yakishakuiva.
Mfano: sisi wa forodhani.

Shaibu: mkongwe. Kiarabu, mtu wa mvi.
Pembeni, kwa penseli: bado.
Chini yake, mkono ukitetemeka: sasa.

Shanuo. Wengine huandika chanuo.
Waache waandike, nywele ni zile zile.

Nimecheka peke yangu kama mwehu
mpaka nikafika kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

Shaba: madini mekundu. Kiarabu.
Wajuao husema imeitwa hivyo kwa kufanana na dhahabu;
shaba na shabihi ni watoto wa nyumba moja.
Hapo nukta. Kisha mstari mmoja, herufi ndogo mno:
Bangili ya Mwanakheri. Sikumwambia.

Mama alikuwa uani, anachambua mchele.
Nilimsomea. Hakuinua uso.
Aliokota chuya, akalitupa, akaokota jingine.
Bangili ikateleza hadi kwenye kiwiko, ikarudi,
na pale ilipokaa miaka arobaini na miwili
pana mstari wa kijani usiotoka kwa sabuni.

"Dhahabu haipaki mtu rangi," alisema.
"Nilijua kabla fungate haijaisha."
"Mbona hukumwambia?"
"Mbona yeye hakuniambia?"
Akapepeta. Kapi zikaruka, kuku wakazigombea.
"Alianza na neno hilo, nakuapia. Likamtisha.
Ndipo akaanza kuwazungukia majirani zake:
mara sindano, mara ndege, mara machanuo.
Mtu mzima, anabisha mlango wa kila nyumba
isipokuwa ile aliyotumwa."

Sikujua la kujibu. Nikasoma inayofuata.

Sharubati: kinywaji kitamu. Kiarabu, kutokana na kunywa.
Tazama sharubu.

Nikaitazama. Nikamwaga kopo zima mkekani,
nikapanga, nikapangua. Sharubu haipo.
Ametutuma kwenye karatasi ambayo hakuiandika.

Mama akaweka ungo chini.
"Lete kalamu."
Stakabadhi tupu hakuna, nikachana ukingo wa kalenda.
"Andika. Sharubu."
"Maana yake?"
"Nywele za juu ya mdomo.
Hutangulia kunywa kahawa kabla ya mwenyewe."
"Asili?"
Alifikiri. Alizungusha bangili mara moja, mara mbili.
"Langoni. Nyumba ya pili ukimpita kinyozi,
ambaye hakuwahi kumpata."

Nikaandika hivyo hivyo.
"Na ile ya shaba," akasema, "ikunjue.
Imekaa kukunjwa mno, itakatika."