Rivasi Imechelewa

Muuzaji wa Minot alinipa ya kisasa: "Hii inafaa zote."
Nikaikataa. Nilitaka ile ya mwandiko wa Orrin,
penseli iliyofifia kwenye kikingajua.

Boliti ya mwisho. Sampu ikainama,
ikatapikia mkono wa koti langu:
si nyekundu tena, chai ya jana
yenye harufu ya mkate ulioungua.
Kwenye sumaku, unga laini kama wanja.
Unga, si vipande. Nikashusha pumzi.

Gunderson, jirani, alinionya:
giaboksi kongwe huishi kwa uchafu wake,
ukiiosha unaizika.
Haya. Filta, gasketi, funeli,
lita nne na ushei.

Injini ikapata moto. Nikatia rivasi.
Kimya.
Moja. Mbili.
Ndipo pikapu ikashtuka
kama mtu aliyeitwa usingizini,
ikarudi nyuma thelujini.