Bomba Tupu

Nyuma ya karakana ya Litunya, Lurambi,
vyuma vimelala juu ya tairi la lori lililokatwa:
gorogoro mbili zilizojazwa saruji,
giya za trekta, bomba la maji.
Nilikuja na viatu vyangu vya ualimu.

"Anza na bomba tupu," alisema.
Vijana wawili walinitazama, kisha wakatazama pembeni,
adabu inayouma kuliko kicheko.
Bomba tupu! Mimi, niliyebeba mkungu wa ndizi
hadi Mbale nikiwa darasa la sita.

Mgongo wima. Magoti yafuate vidole.
Vuta pumzi kabla, si baada.
Mara ya nne mapaja yalitetemeka
kama kifuniko cha sufuria ya maharagwe.
Mara ya tano sikuhesabu. Alihesabu yeye.

Saa tisa mvua, kama kawaida yake,
ikapiga mabati, ikanisitiri nilivyoguna.

Kesho yake nilishuka ngazi za shule kinyumenyume,
nimeshika ukuta, Gredi ya Nne wakishangilia.

Jumatano nikarudi.

Litunya sikumwambia habari za bafuni:
sabuni sakafuni, mama ameketi majini,
nami nimemshika makwapani, nimevuta, nimeshindwa,
tukangoja hivyo, hatusemezani,
hadi mke wa jirani alipotoka sokoni.

Jioni mama aliuliza, akimenya njugu:
"Leo umeinua nini?"
"Kilo ishirini na mbili."
Akanipima kwa jicho. Akajipima.
"Mimi ni hamsini na nane," alisema.
"Ongeza gorogoro."