Mji Ulioangukia Shabunda

Ubaoni nimechora visiwa vinne
vilivyojikunja kama jongoo aliyeguswa.
Halafu mishale: Korea, Manchuria,
Nankini, ambapo chaki ilikatika
nikakaa kimya kidogo,
kisha kusini, Malaya, hadi ncha yake.
"Singapuri ilianguka Februari, arobaini na mbili."
Darasa likaandika.
Mvua ya Kadutu ilikuwa inapiga mabati.

Mulonda peke yake hakuandika.
"Mwalimu, mji ukianguka,
unamwangukia nani?"

Ulimwangukia Wabiwa, mamaye baba yangu,
akiloweka mihogo kijitoni, msitu wa Shabunda,
yeye asiyewahi kuona bahari wala Mjapani.
Mabwana wa mpira kule mashariki wamenyang'anywa mashamba,
na vita haviendi kwa miguu:
lori linataka tairi, ndege inataka tairi.
Basi akaja mtu wa serikali na mizani,
karani nyuma yake, askari nyuma ya karani,
akalitamka neno ambalo wazee
walikwisha kulizika bila matanga.
Mpira.

Kitoga, mumewe, alipanda kuifuata mitambaazi
juu, palipobaki utomvu.
Aliukausha kifuani mwake mwenyewe,
jioni akaubandua pamoja na malaika ya mwili.
Kilo haikutimia. Akarudi. Haikutimia.
Siku ya kumi na moja tawi likakatika.

"Ni Singapuri hiyo, mama," karani alimwambia mjane,
akinyoosha kidole kule jua linakotoka,
naye akalipokea kama jina la ugonjwa.
Hadi uzeeni, hapa hapa Bukavu,
mjukuu akikohoa usiku
aliwasha koroboi, akatushika paji la uso:
"Isije ikawa singapuri."

Sikumweleza Mulonda yote haya.
Nilisema swali zuri, tutalirudia Alhamisi.
Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya mtihani wa serikali,
ambao haumuulizi Kitoga.

Kengele ikalia.
Chini barabarani Toyota kuukuu inapanda mlima ikiguna,
tairi zimeota vipara;
fundi wa sandali pale sokoni anazihesabia siku.
Mulonda amevaa za mwaka jana.
Alitoka na maji miguuni,
akaacha sakafuni, kuanzia dawati hadi mlangoni,
mishale midogo midogo.